Simu Yangu Ndani ya Gunia la Wakwe

Kwanza mniahidi mtacheka kwa kiasi, maana jambo lenyewe bado linaniuma, na ningekuwa na uwezo ningelikana kabisa, ila mashahidi ni wengi mno, na wengine mpaka leo tukikutana sokoni wanajifanya wanakohoa ili wasicheke mbele yangu. Mimi ndiye yule Shangazi Tatu wa Isevya, fundi cherehani, ambaye Tabora nzima ilisikia kwamba amefukia dawa kwenye mchele wa arusi. Haikuwa dawa. Ilikuwa simu. Na laiti ingekuwa dawa, jamani, pengine ningebaki na heshima kidogo.

Arusi yenyewe ilikuwa ya Salma, binti wa kaka yangu Idi. Mama yake alifariki Salma akiwa na miaka minne, nikamchukua, nikamlea, nikamshonea kila nguo aliyoivaa mpaka anamaliza chuo, kwa hiyo mkisikia nasema "Salma wangu" mjue sitanii. Akampata kijana, Ramadhani, afisa mifugo, mtaratibu, anaswali, hana tatizo lolote isipokuwa moja (tatizo kwa macho yangu mimi, si kwa macho ya mtu mwenye akili): kwao ni Choma, kule Igunga, wakulima na wafugaji, na sisi ni watu wa mjini. Watu wa mjini wa zamani, mnielewe. Kwetu tunahadithiana kwamba babu wa babu yetu aliingia Tabora na msafara kutoka pwani, na hadithi hiyo huwa haisemi kama alikuwa mwenye mizigo au alikuwa ameibeba kichwani, na ukiuliza unaambiwa nenda kale. Basi kwa sifa hiyo moja, isiyo na ushahidi, mimi nilikuwa nawatazama watu wa Choma kwa juu juu.

Jumanne ya wiki ya arusi wakwe wakatuletea gunia la mchele, mchele wa shamba lao wenyewe, gunia limejaa mpaka mdomo umeshonwa kwa uzi wa katani. Mtu mwenye adabu angesema ahsante. Mimi nilifumua pembe ya gunia, nikatia mkono, nikatoa konzi moja ya mchele na ndani yake nikaona kijiwe. Kimoja! Kwetu tayari palikuwa na gunia jingine, mchele wa Lusu ambao kaka Idi huununua kwa mkulima wake wa miaka yote, na mimi mchele wa Lusu nausifia kana kwamba nimeupanda mwenyewe. Basi kile kijiwe kikanipa mada. Jumatano asubuhi nikakaa kwenye cherehani yangu, nikashika simu, nikamrekodia shoga yangu Mwajuma, aliyehamia Dar siku nyingi, ujumbe wa sauti wa dakika mbili na zaidi juu ya mchele ule na juu ya watu walioulima. Nilichosema mtakisikia muda si mrefu, kama walivyokisikia wengine.

Mwajuma hakujibu kwa ujumbe, alipiga kabisa ili tucheke pamoja. Alipiga saa nane mchana, nami nilikuwa uani nimeinamia beseni, nimeloweka vitambaa vyekundu vya sare ya akina mama ili vitoe rangi na vinywee kabla sijavikata. Mikono yote imo kwenye maji ya sabuni. Sasa wanawake wenzangu mnajua tunavyofanya: simu unaichomeka ndani ya mtandio, unaibana na sikio, unaendelea na kazi zako huku unaongea (na hili ni mtu anayevaa mtandio tu anayeweza kulifanya, na ndiye pekee anayeweza kulijutia). Mwajuma akaanza kunirudishia maneno yangu mwenyewe kwa sauti ya kuigiza, mimi nikacheka, nikacheka mpaka nikatikisa kichwa, mtandio ukalegea, simu ikachomoka ikaingia kwenye beseni, chubwi, na kicheko cha Mwajuma kikaishia ndani ya maji mekundu.

Nikaitoa haraka. Imewaka kidogo, ikazima. Nikaibonyeza, kimya. Nikaitikisa, ikatema maji mekundu kwa chini, na ndani ya simu ile mlikuwa na vipimo vyote vya sare, wanawake kumi na wanne, nilivyoviandika kwenye karatasi nikazipiga picha karatasi, kisha karatasi zenyewe (kwa akili zangu nzuri) nikawashia jiko. Arusi Jumamosi. Leo Jumatano. Hakuna sare iliyokatwa.

Mtauliza kwa nini sikwenda kwa fundi simu. Kwa sababu nawajua. Fundi simu akishika simu ya mwanamke ataanza kutafuta ugonjwa kwenye picha, atapitia picha moja moja kwa huruma nyingi, akimaliza ndipo anakumbuka kufungua skrubu. Na mimi nilikuwa na picha za wateja wakijaribu nguo. Nikasema hapana, nitaitibu nyumbani.

Jirani yangu Bi Zaina, ambaye amewahi kutoa ushauri juu ya mambo yote isipokuwa yale anayoyajua, alikuwa ameshafika ukutani kwetu kabla sijamwita. "Usiiwashe!" akasema. "Usiichaji, usiianike juani, izike kwenye mchele. Mchele unanyonya maji. Siku moja na nusu, na usiichungulie."

Mchele. Mtu wa Tabora ukimwambia dawa ni mchele anaona ni haki kabisa, maana sisi mchele ndio jibu letu kwa kila kitu, mgeni akija mchele, mtu akifa mchele, mtoto akifaulu mchele. Nikaingia stoo. Yamekaa magunia mawili: la Lusu na la Choma. Na hapa ndipo ulipofanyika ule uamuzi mdogo ulioniua. Simu ilikuwa inanuka sabuni na inatoka rangi, nikajisemea siwezi kuharibu mchele wetu mzuri wa pilau kwa maji haya, bora niitie kwenye huu wa wakwe, ambao kwa vyovyote vile hautapikwa. (Ndiyo, nilikuwa nimeshaamua kimoyomoyo hautapikwa, na nilikuwa sijamwambia kaka wala Salma.) Nikaona nimewaheshimu hata, mchele wao umepata kazi.

Halafu ufundi ukaniponza. Nikahofia punje za mchele zitaingia kwenye tundu la chaji, nikakata kipande cha kaniki kilichobaki kwenye kazi ya mteja, nikashona mfuko mdogo wa haraka haraka, na uzi uliokuwa kwenye cherehani siku hiyo ulikuwa mwekundu. Nikaitia simu humo, nikaufunga mdomo wake kwa uzi uleule, mizunguko saba, mafundo matatu, kazi safi. Nikafumua mdomo wa gunia, nikauzamisha mkono mpaka kwapani, nikaufukia mfuko chini katikati, nikalifunga gunia na kutoka stoo nimeridhika na nafsi yangu. Hebu tulieni kidogo mfikirie nilichokifanya: kitambaa cheusi, uzi mwekundu, mafundo, ndani ya chakula cha arusi, kilichotoka kwa wakwe. Mimi sikukifikiria.

Alhamisi baada ya adhuhuri nikaenda sokoni kutafuta vifungo na kuwapima upya wale wachache wa sare niliowapata njiani, kwa tahadhari, simu isipopona. Niliporudi alasiri nikakuta mlangoni viatu vingi nisivyovijua. Uani pametandikwa majamvi, wanawake wamekaa duara, nyungo mapajani, na katikati, limesimama wima limefunguliwa mdomo, gunia la Choma.

Mama Rama alikuwa amefika. Yaani mama yake Ramadhani, mkwe wetu, amekuja na wanawake wanne wa kwao, wametoka Choma alfajiri. Akanyanyuka kunipokea, mwanamke mpole, sauti ya chini, Kiswahili chake kina lafudhi ya nyumbani kwao. "Dada Tatu, tumekuingilia bila hodi," akasema. "Ila kwetu mchele wa arusi hatuuachi uchambuliwe na upande mmoja. Tunauchambua wote, upande wa bwana na upande wa bibi, ndiyo watoto wakae vizuri. Nimemuuliza baba yake Salma, akatutolea gunia."

Kaka Idi alikuwa amekaa barazani na gazeti, amefurahi, mtu ambaye kwa miaka hamsini hajawahi kubeba kitu kutoka stoo, leo kabeba gunia. Nilimtazama kwa jicho ambalo hakulielewa.

Nikasema "karibuni sana, karibuni sana" kama mara sita. Kisha nikafanya jambo ambalo kwa wakati ule niliona ni la akili: nikasema mimi ndiye nitakayegawa. Nikavuta kigoda, nikalikumbatia gunia kwa magoti, nikashika kopo, nikawa namchotea kila mtu kwenye ungo wake, na kila nikichota, mkono wa pili unapapasa ndani. Wanawake wanapepeta, wanaimba taratibu, Bi Zaina naye amejipenyeza ana ungo, na mimi natabasamu kwa juu huku vidole vyangu vinatafuta kwa chini. Kopo la kwanza hakuna. La tano hakuna. Nikazamisha mkono mpaka kiwikoni. Nikazamisha mpaka bega, shavu limelala kwenye mdomo wa gunia, nikawa nazungumza na wageni nikiwa nimelaza kichwa.

Katika wale wanne alikuwemo wifi yake Mama Rama, mwanamke mwembamba asiyesema sana, na ndiye aliyeacha kupepeta. "Dada, unatafuta nini humo?"

"Nachota ule mzuri," nikasema.

"Mzuri si huuhuu wa juu?"

"Wa chini ndio haujapata vumbi."

Nyimbo zikapungua. Mwingine akaacha ungo wake. Nami wakati huohuo vidole vikagusa kitambaa, na badala ya kutulia niseme jamani kuna kitu changu humu, naomba mniwie radhi, nikajaribu kukitoa kwa siri nikifiche kwenye khanga. Kopo mkono mmoja, mfuko mkono wa pili, nauvuta pole pole chini ya khanga ya kiunoni, na yule wifi akanishika kifundo cha mkono. Hakunishika kwa nguvu. Alinishika tu, akaugeuza mkono wangu juu, na wote wakauona: mfuko mweusi wa kaniki, umezungushiwa uzi mwekundu, una mafundo, umetoka katikati ya mchele wa mtoto wao.

Wanawake watatu waliweka nyungo chini na kuzisogeza mbali na miguu yao. Mmoja akasoma kimoyomoyo, midomo inacheza. Mama Rama akaniangalia usoni akasema kwa upole uleule, "Dada Tatu, umemfanyia nini mwanangu?"

"Ni simu!" nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa kiasi kwamba kaka Idi alidondosha gazeti. "Ni simu yangu, iliingia maji!"

"Simu inazikwa?" akauliza wifi.

"Inazikwa! Bi Zaina, waambie!"

Bi Zaina, mwanamke aliyenipa ushauri ule kwa mdomo wake, akaangalia ungo wake akasema, "Mimi nilisema mchele. Sikusema kaniki." Sijamsamehe mpaka leo, na nimeshamwambia.

Nikaanza kufungua yale mafundo niliyoyafunga kwa ustadi, hayafunguki. Nikayang'ata kwa meno. (Sasa nawaza walivyoniona, natafuna uzi mwekundu mbele ya wakwe.) Mwishowe mfuko ukachanika, simu ikatokeza, kioo kimepata rangi ya waridi pembeni, nikaiinua juu kama mtu aliyekamatwa na trafiki anayeonyesha leseni. "Mnaona? Simu. Simu tu."

"Kama ni simu, na iwake," akasema wifi.

Nikabonyeza. Nikaiombea kuliko nilivyowahi kuombea mtihani wa darasa la saba. Kioo kikatetemeka, kikaleta mwanga, na simu ikawaka! Jamani, ikawaka kweli! Bi Zaina akapiga kigelegele, akarudi upande wangu papo hapo. Wanawake wakashusha pumzi, mmoja akaanza kucheka, Mama Rama akaweka mkono kifuani akasema, "Alhamdulillahi. Kumbe mchele wetu umekuponyea simu." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeondolewa mzigo, na mimi nikacheka naye, na kama mkasa ungeishia hapo ningekuwa natembea kifua mbele.

Lakini simu iliyokunywa maji haiponi sawasawa. Ilikuwa imerudi na wazimu. Kioo kikaanza kujibonyeza chenyewe, mimi nimeishika tu sijaigusa, kikafungua picha, kikafunga picha, kikafungua saa, kikapandisha sauti mpaka mwisho, kikaingia kwenye mazungumzo yangu na Mwajuma. Nikabonyeza kutoka, hakitoki. Nikabonyeza kuzima, hakizimi. Na pale chini kabisa palikuwa na ujumbe wa mwisho nilioutuma mimi, kikaushukia kikaugusa.

"Mwaju shoga yangu!" ikasema sauti yangu, kubwa, ina furaha. "Mchele umekuja! Gunia zima! Nimetia mkono nimetoka na kokoto. Hivi hawa watu wametuletea mchele au wametuletea zege?" Kikafuata kicheko changu, na sikujua mpaka siku ile kwamba nacheka vibaya vile.

Nikaifunika kwa kiganja. Inasema. Nikaikalia. Inasema. Ikasema nikiwa nimeikalia, "Mama mkwe mwenyewe nilimwona siku ya mahari, kavaa khanga mbili hazijuani, anajisifia ng'ombe. Ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe! Sasa Salma wangu anakwenda kuolewa au anakwenda kuchunga?" Nikanyanyuka, na kwa kuchanganyikiwa kabisa nikafanya kile mikono yangu ilichozoea: nikairudisha kwenye gunia, nikaizamisha mpaka chini, nikaifukia. Sauti ikapungua ukali, haikupungua maneno. Tukakaa wote, wanawake kumi na kitu, tunalitazama gunia, na gunia linaongea kwa sauti yangu kutoka tumboni mwake: "Nakwambia hivi, pilau tutapika la mchele wetu wa Lusu. Ule wao nawapa kuku. Nao siku ya arusi tutawasifia, mchele wenu mtamu, mchele wenu unanukia, watavimba vichwa, watarudi kwao na furaha yao. Nani atajua?"

Halafu likanyamaza.

Mama Rama aliitazama khanga aliyojifunga, akaikunja pindo lake vizuri. Hilo tu. Ningetamani anitukane. Nimeshawahi kutukanwa na wateja, najua pa kuegemea, lakini mwanamke yule alikunja pindo la khanga yake na mimi nikatamani jamvi linimeze.

Mlango wa chumba cha ndani ukafunguliwa. Mwali huwa hatoki nje siku zile, na wanawake wote waligutuka kumwona, lakini Salma alitoka, hina haijakauka mikononi, amevitanua vidole visigusane. Hakupaza sauti. "Shangazi," akasema, "mimi ndiye ninayekwenda kukaa nao." Akarudi ndani, akausukuma mlango kwa kiwiko.

Nikajua hapo kwamba arusi inaweza kuvunjika, siku mbili kabla, na mvunjaji ni mimi niliyeiombea miaka yote. Kaka Idi alikuwa amesimama barazani, amekwisha kuelewa kila kitu.

Yule wifi akaanza kufunga mtandio wake wa safari. "Twendeni," akawaambia wenzake.

"Kaa," akasema Mama Rama. Akachukua ungo uliokuwa pembeni, akachota mchele kwenye gunia lilelile, akaujaza, akaniwekea mapajani. "Dada Tatu. Umesema una mawe. Hebu nitafutie jiwe."

Basi nikaanza kuchambua. Wanawake wote wametulia wananitazama mimi peke yangu, na mimi nachambua punje kwa punje, na niwaambieni ukweli wa Mungu: mawe yalikuwepo. Nilipata la kwanza mapema sana. Lakini ningelionyesha vipi? Umeshamtukana mtu kwa sauti ya dakika mbili, halafu umletee na ushahidi? Nikajifanya napangusa mdomo, nikalitia kinywani. La pili vilevile. La tatu, la nne, nikayapanga shavuni. Nilipomaliza ungo nilikuwa nimevimba shavu moja, nimefumba mdomo, namtazama mkwe wangu kwa macho ya mtu asiye na hatia.

"Umepata?" akauliza.

Nikatikisa kichwa.

"Hata moja?"

Nikatikisa.

Mama Rama akanyoosha kiganja chini ya kidevu changu. "Tema," akasema.

Nikatema. Mawe manne, na mate, kwenye kiganja cha mama mkwe wa mwanangu. Akayahesabu kwa kidole, na nikaona mabega yake yanaanza kutikisika, akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akalala ubavu kwenye jamvi, na wengine wote wakafuata, hata yule wifi, akacheka amejiziba uso kwa mtandio aliokuwa anaufunga aondoke. Mimi nilikuwa nalia. Nao wakacheka na kulia kwangu.

Alipopata pumzi akajifuta macho akasema, "Dada, mchele tunaupura chini na kuuanika chini. Mawe hayakosi. Sasa unafikiri tumetoka Choma alfajiri watu watano kuja kufanya nini?"

Akanipa ungo wa pili, na tukauchambua mchele ule mpaka magharibi inaadhiniwa.

Ndoa ikafungwa Jumamosi. Sare nyingi nilizikata kwa kukisia, maana simu ile haikuwaka tena, na wanawake wawili mpaka leo hawaniitikii salamu kwa sababu ya namna magauni yao yalivyowashika. Pilau lilikuwa la mchele wa Choma, mwanzo mwisho, mimi ndiye niliyegawa masinia, na kwa amri ya yule wifi kila sinia nililoliweka nilitakiwa kutaja mchele umetoka wapi. Nilitaja. Na ulikuwa mtamu, sina la kuongeza, punje zimeachana, unanukia, nilikula nikarudia.

Lakini kuna jambo ambalo halikuchekewa na mtu. Kwetu mwali anaposindikizwa kwa mumewe, shangazi ndiye anayekwenda naye, anakaa naye siku saba, na mimi nilikuwa nimeshapanga begi langu tangu mwezi uliopita. Mama Rama mwenyewe aliniuliza kama niko tayari. Salma akiwa tayari ndani ya gari akasema, bila kunitazama, "Aje mama mdogo." Gari likaondoka na huyo mama mdogo, mdogo wa marehemu mama yake, mimi nikabaki nimesimama na begi, kisha nikarudi ndani kuosha masufuria.

Najua mnangoja niseme nimeapa kutosengenya tena. Sitawadanganya, mnanijua. Nilichoapa ni kwamba la mkwe wangu nitalisema mbele ya mkwe wangu, na tangu niape hivyo nimegundua sina la kusema kabisa, mambo yangu mengi yalikuwa yanahitaji mtu asiwepo. Simu ile nimeitupa. Hii mpya haina sauti hata moja niliyomtumia Mwajuma, ananilalamikia kwamba nimekuwa mkavu.

Na Salma ananipigia kutoka ukweni Choma, hajanitupa. Kila Ijumaa baada ya swala, hakosi. Mimi napokea haraka, nataka nimuulize kama anakula, kama amenenepa, kama kuna anayemwonea, na mtoto niliyemlea kwa mikono yangu, kabla hata sijasema haloo, ananiwahi kwa adabu zake zote:

"Shangazi, nimeweka spika. Mama yuko hapa, anakusikia."